Kengele ya Jailos

Mchungaji Lea alimletea mzee Zabron fulana ya njano, akamwomba afungue kwa sala fainali ya mpira ya vijana wa usharika, Jumapili saa tisa, uwanja wa nyuma ya kanisa. Zabron aliipokea, akashukuru, na chakula kikamshinda siku tatu.

Usimcheke. Mwaka sabini na nne yeye ndiye aliyekuwa karani wa baraza la wazee wa kanisa hilohilo nje ya mji wa Iringa, kijana mwenye mwandiko mzuri na kiherehere cha kumpendeza Mungu. Mdogo wake, Jailos, alicheza mpira wa matambara Jumapili, uwanjani hapohapo. Siku hizo mpira wa Jumapili ulihesabiwa pamoja na pombe na ngoma. Zabron akamwandika ndugu yake kwenye daftari la waliotengwa, kwa mwandiko wake uleule mzuri. Ili arudi kundini, ilibidi Jailos asimame mbele ya waumini atubu. Akagoma.

"Nitubu nini? Nilifunga mabao mawili."

Kabla ya Krismasi homa ikamchukua. Aliyetengwa hakupigiwa kengele ya msiba wala kuzikwa na mchungaji. Mkewe, Bertha, alimzika na majirani wachache, mimba ikiwa ya miezi saba. Zabron alibaki nyumbani. Kanuni ni kanuni, alisema.

Na sasa kanisa lina jezi!

Jumapili alimkuta Bertha mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki.

"Kamwene, shemeji," Bertha alimsalimu. "Leo si dhambi?"

Aibu ilimshika Zabron. Miaka hamsini alikuwa akimjulia hali mama huyu, na hata siku moja hakumwomba radhi. Akainama.

"Shemeji, nilimkosea Jailos. Na wewe nilikukosea."

Bertha hakumtazama. "Leo unaninong'oneza. Kumtenga, mlimtenga mbele ya watu."

Timu zilikuwa zimeshajipanga kungoja sala. Zabron akawapita wachezaji, akapita meza yenye kombe, akaenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya kengele. Mchungaji Lea akamkimbilia.

"Baba, usipige! Watu watadhani kuna msiba."

"Upo," alisema Zabron, akavuta kamba.

Alipiga polepole, pigo moja moja, kama anavyopigiwa marehemu. Bertha akasimama, akavuta khanga kichwani, akaanza kulia.