Shamba Lisilo na Mtu

Mimi sina uvumilivu na picha mbaya. Nikiona nyumba ya kuuzwa imepigwa picha kwa simu, ukuta umelala upande, karai la nguo mlangoni, damu inanichemka. Kwa hivyo Ngatia aliponiita kijijini kwao, Wamagana, nikapige picha shamba analouza, nilibeba kila kitu: droni, taa mbili, stendi ya miguu mitatu, na lenzi pana, ile inayogeuza choo kuwa ukumbi.

Shamba lilikuwa kwa jina la Ngatia tangu babake afariki. Lakini mamake, bibi mzee tuliyemwita Shosho Watiri, ndiye aliyeishi hapo, na alishasema hahami. Ngatia naye alishamkodishia chumba mjini Nyeri, ghorofa ya nne, bila kuuliza kama magoti yake yanapanda ngazi. Hayo yote niliyajua. Nikajiambia kazi ni kazi, mimi ni wa picha.

Nilimwomba shosho asogee kidogo kutoka mlangoni. Alikuwa anamenya viazi. Akaniangalia, akaendelea kumenya, nikapiga hivyo hivyo.

Kesho yake Ngatia alikuja studio, akavuta kiti karibu na kompyuta yangu, na amri zikaanza. Ati mawingu yanaleta huzuni. Nikaweka anga lingine, la buluu. Ati nyasi imekauka, nikaipaka kijani. Kisha akagusa kaburi la babake kando ya kahawa, akaniambia wanunuzi wanaogopa makaburi. Nikalifuta. Jiko la shosho na moshi wake, nikafuta. Mwisho akaelekeza kidole mlangoni.

"Huyu ni mama yako," nikamwambia.

"Toa. Anaharibu nyumba."

Nikatoa. Tena, Mungu anisamehe, nilijivunia, maana hata kivuli chake sikukisahau.

Mnunuzi alipenda, ikabaki idhini ya bodi ya ardhi. Wazee wa bodi hawatosheki na jina kwenye cheti: familia nzima husimama mbele yao, na mama huulizwa uso kwa uso kama amekubali. Ngatia, kwa ujuaji wake, aliniambia nilete picha kubwa zilizochapishwa, ati waheshimiwa waone mali safi. Alikuwa amemwahidi shosho kitanda kipya na blanketi mbili, akaamini amemaliza maneno.

Mwenyekiti alimpa shosho picha moja, akamuuliza kama anakubali shamba hili liuzwe. Shosho akavaa miwani. Akapitisha kidole kando ya kahawa, polepole, halafu mlangoni. Ngatia akaanza kumwelezea, mwenyekiti akamnyamazisha. Mimi nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

"Hapa naona hakuna mtu anakaa," shosho akasema. "Hata hakuna mtu amezikwa. Hii auze tu."

Akairudisha picha mezani, akailaza kifudifudi.

"Yangu iko na mzee wangu, na mimi niko ndani. Hiyo siuzi."

Mwenyekiti aliandika kwamba mama amekataa, akafunga faili. Ngatia akaniinamia sikioni, jasho likimtoka, akaniuliza kama nimekuja na kompyuta, nimrudishe mama yake pichani haraka kabla wazee hawajatoka. Familia iliyofuata ilikuwa imeshaitwa.