Ngumi ya Unga

Jembe lilipogonga udongo kwa mara ya kwanza, Yasiri alihisi vidole vya mkono wake wa kushoto vikizidi kukaza. Mkono wenyewe hakuwa nao. Ulikatwa juu kidogo ya kifundo miezi saba iliyopita, hospitalini Arua, na ndio huo uliokuwa ukichimbuliwa sasa katika bustani ya mihogo nyuma ya nyumba yao, Koboko. Hata hivyo vidole vilikaza, na kucha zikamchoma kiganja ambacho hakikuwepo.

"Iko namna gani sasa?" aliuliza mama yake, Kiden, aliyesimama kando ya shimo na kitambaa cheupe kipya mkononi.

"Bado imefunga, Mama."

"Itafungua. Ilizikwa na ngumi, basi itakaa ngumi mpaka kiyama. Tunatoa, tunanyosha vidole moja moja, tunarudisha polepole. Mjane ya ule sajini aliniambia. Mguu ya bwana yake ilipona namna hiyo."

Mjane huyo, jirani yao, alikuwa na dawa ya kila kitu, ila ya ulimi wake mwenyewe. Lakini Yasiri hakucheka. Mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi saba hachagui mganga. Alikuwa ameshajiwekea siku: shimo hili lisipomsaidia, Alhamisi angerudi Arua akakatwe tena, safari hii mpaka juu ya kiwiko. Na akikatwa hapo, ataoshaje nguo, atafungaje mkanda wa suruali, atainuaje gunia? Kile kigutu alichobaki nacho kilikuwa bado kinambania vitu kifuani. Alikipenda, na alikichukia.

Kaka yake mdogo, Jale, alichimba taratibu mno. Alipiga jembe moja, akafuta jasho, akatazama mawingu. Yasiri alimwangalia bila kuelewa, maana Jale hakuwa mvivu.

"Chimba, bwana," mama alisema. "Si wewe ulizika? Unajua kina yake."

Kabla ya ajali Yasiri alikuwa ameendesha mashine ya kusaga sokoni kwa miaka kumi na moja. Wanawake walipanga mabeseni yao ya mihogo mikavu na mtama tangu asubuhi, na wengi walimngoja yeye hata kama mashine ya jirani ilikuwa tupu. Siri yake ilikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulishika kile kibao cha kupunguza na kuongeza nafaka. Wa kushoto ulikinga unga mdomoni mwa mashine, ukaufumbata, ukaufikicha kwa dole gumba. Macho hudanganywa na weupe wa unga, alipenda kusema, lakini kidole hakidanganyiki. Siku ile alikuwa amekinga, amefumbata, bado hajafikicha, mwanamke mmoja akamwita kwa nyuma. Aligeuka. Mkono wa shati ukanaswa na mkanda wa mashine unaozunguka, na mkanda haukumwuliza chochote.

Ngumi ile haikupata kufunguka. Mpaka leo aliihisi imeshikilia unga, imebana mpaka mifupa inalia, na hakuna wa kuiambia iachie.

Mwezi uliopita alimweleza hayo Rosine, mama wa Kikongo anayefundisha mazoezi ya viungo huko Arua. Rosine hakumwona mwendawazimu. Alimgusa kichwa upande wa kulia, juu ya sikio.

"Sikia, baba. Humu ndani kila kipande ya mwili iko na nafasi yake. Ya mkono ni kubwa kupita ya mgongo muzima. Mkono ya kushoto inaongozwa na upande huu wa kuume. Amri inatoka hapa, inashuka kwa uti wa mgongo, inapita kwa mishipa ya fahamu mpaka kwa kidole. Kidole inarudisha jibu: nimefungua. Sasa ubongo yako inatuma 'fungua', hakuna jibu. Inatuma tena na nguvu. Hakuna. Basi inabaki na habari ya mwisho, ile mkono ilituma mbele ya kukatwa."

"Habari gani?"

"Mutu wa kujua ile ni wewe."

"Na nikikata tena hapa juu?"

"Hata ukikata mpaka bega, mkono itakufuata tu. Ugonjwa haiko mkononi." Kisha akaleta kioo, akataka aketi nacho katikati ya mikono yake miwili, kigutu kikiwa nyuma ya kioo, mkono mzima ukiwa mbele. Ubongo, alisema, ungeona mikono miwili.

Yasiri alikasirika kweli kweli. Ameumia mpaka anatafuna shuka, halafu anapewa mchezo wa watoto? Alimwambia yeye si mtoto wa kudanganywa na kioo, akachukua kofia yake akaondoka.

Jembe liligonga mbao.

Kisanduku kilitoka kimeliwa na mchwa upande mmoja. Mama alisema bismillahi, akapiga magoti, akatandika kitambaa cheupe chini. Jale alirudi nyuma hatua mbili. Mama alifungua sanda ndogo iliyokuwa ndani, akatazama, akafungua zaidi, akatazama tena.

Lilikuwa jiwe. Jiwe la mtoni, laini, la ukubwa wa ngumi ya mtu.

"Jale," mama alisema.

Jale alilia kabla hajasema. "Mama, nisamehe. Siku ile natoka Arua, ile sanduku ya kwanza ilianza kutoa damu ndani ya gari. Watu walipiga kelele. Dereva alinishusha hapo Ombaci. Niliogopa, Mama. Niliomba jembe kwa mutu, nilizika kando ya shamba ya mihogo. Sijui hata shamba ya nani. Nilirudi kutafuta mara mbili. Mihogo yote inafanana."

"Na hii?"

"Ulikuwa unangoja tuzike. Ningekuambia nini?"

Mama alikaa chini kwenye udongo. "Kila Ijumaa nimekuja hapa," alisema polepole. "Nimeombea jiwe. Nimemwagia jiwe maji."

Yasiri alitaka kumpiga kaka yake. Alihisi kabisa ngumi ya kushoto ikiinuka, nzito, imejaa, na kilichoinuka ni kigutu peke yake. Jale hakukwepa. Wote watatu walikitazama kile kigutu kilichoinuliwa hewani, na Yasiri akaona aibu.

Basi mkono wake ulikuwa Ombaci, mwendo wa mbali, umeshakuwa mifupa chini ya mihogo ya mtu asiyemjua. Na bado ulikuwa hapa, unamkaza, saa hii hii. Haukuwa shimoni. Haukuwa kwenye kigutu. Aligusa kichwa chake upande wa kulia, juu ya sikio, pale alipoguswa na yule mama wa Arua.

"Sadiya!" alimwita mke wake. "Toa kioo yako ya arusi. Na unga, ya kujaza mkono moja tu."

Sadiya alitoka na kioo na bakuli la unga. Yasiri aliketi kwenye mkeka mlangoni. "Jale, njoo ushike. Hapa katikati. Usicheze."

Jale alipiga magoti, akashika kioo kwa mikono iliyojaa udongo wa kaburi la jiwe. Yasiri alificha kigutu nyuma yake. Alichota unga kwa mkono wa kulia, akaufumbata kwa nguvu, kisha akainama kutazama.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa pale. Mzima, na kucha zake, na ngumi yake. Aliuona kama ndugu aliyetoka kifungoni.

"Fungua," alisema.

Haukufunguka mara moja. Aliachia kidole kidogo cha kulia. Kwenye kioo kikaachia cha kushoto. Na mahali fulani, mbali na karibu, kitu kilicholia kwa miezi saba kikapunguza sauti. Kikafuata cha pete. Unga ulianza kumwagika kwa uzi mwembamba. Mama alisogea kwa magoti, akatandaza kile kitambaa cheupe chini ya mkono wa Yasiri, akaukinga unga.

Kidole cha kati. Cha shahada. Dole gumba likafikicha unga mara moja, kwa mazoea.

"Uko laini?" mama aliuliza kwa kunong'ona.

Yasiri alizidi kukiinamia kioo. Kiganja cha kushoto kilikuwa wazi na hewa ilikuwa ikipita juu yake. Jale alihema, na kioo kikayumba.

"Usisogeze," Yasiri alisema.

Jale hakusogeza. Jua lilishuka nyuma ya bustani, mikono yake ikafa ganzi, na Yasiri alikuwa bado hajainua macho kutoka kwenye kioo.