Matangi Yaliyokwanguliwa

Rael aliingia ofisini katikati ya jiji mikono ikimuuma kwa mitungi ya maji aliyobeba tangu alfajiri, maana mwaka huo wa 2009 mifereji ya mtaani kwake Woodley ilikuwa imekauka. Akamkuta bosi wake, Gerishon, ameinamia mchoro ambao Rael aliuchora, wembe mkononi, akikwangua wino.

Mchoro ulikuwa wa hoteli ya kitalii katika jangwa la Chalbi. Rael alikuwa amefika huko, mama mmoja mfugaji akampa maji ya kisima pekee cha pale, na Rael akaapa hoteli atakayoichora haitakigusa. Alichora matangi ya mvua chini ya sakafu, na maji ya kuogea yakanyweshe migunga. Nyasi hakuchora hata unyasi. Sasa matangi yote yamekwanguliwa, na mahali pake pana bwawa la kuogelea. Moyo ulimuuma kuliko mikono.

"Mwenye kazi anataka swimming pool," Gerishon alisema bila kuinua kichwa. "Hiyo kisima itatosha kila mtu."

"Itatosha wageni wako. Wale wengine watakufa."

"Wewe ni mchoraji, si pastor."

Rael akaivuta karatasi. Gerishon akamzaba kofi hadi akagonga kabati. Hasira ikampanda, akarudi na rula ndefu ya mbao, akamtandika nayo mdomoni, jino likatoka. Gerishon akarusha mkono wenye wembe. Kiganja cha Rael kikapasuka, damu ikamwagika juu ya bwawa.

"Kamati ya ardhi inafunga saa sita," Gerishon akafoka, akitema mate mekundu. "Bila mchoro, hiyo kiwanja inapewa mtu mwingine." Akaanza kuikwangua damu.

Karatasi ile huvumilia wembe mara moja tu mahali pamoja. Gerishon mwenyewe ndiye aliyemfundisha Rael hilo. Lakini mtoto akililia wembe, mpe. Rael alifunga kiganja kwa leso akamwacha akwangue. Wembe ukatoboa, bwawa likawa tundu, na Gerishon alivyozidi kukwangua kwa hasira, karatasi ikachanika hadi pembeni.

Ilikuwa saa tano na nusu. Gerishon akaketi sakafuni. "Ile kopi ya wiki jana, uko nayo?"

Rael aliitoa mkobani, matangi yote na migunga yote. Akaitandaza mezani kwa mkono mzima, na kwa ule unaovuja akamkamata bosi wake ukosi, akamburura hadi kwenye kalamu.

"Sign," akasema.

Gerishon akatia sahihi, na Rael akashuka ngazi mbio kuupeleka mchoro kwa kamati yeye mwenyewe.