Wagalu wa Vishikwambi

Mke wangu Paskazia ni mwalimu wa hisabati shule ya msingi. Mimi niliishia darasa la nne, na kazi yangu ni karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, katika kijiji chetu nje kidogo ya Nyarugusu. Watu wengi wanasimulia yaliyompata mke wangu, na wengi wanadanganya. Mimi nilikuwepo.

Vishikwambi, zile kompyuta bapa za kugusa kwa kidole, vililetwa, walimu wa kata nzima wakaitwa mafunzoni katika ukumbi wa shule. Siku ya kwanza jioni Paskazia alirudi amenuna.

"Baba Luka, tumesinzia kutwa nzima. Kile kidude nikikigusa kinaruka kwingine. Nimeaibika mbele ya watoto wa juzi."

"Si ukiache."

"Nikiache nifundishe na nini? Wanasema huko mbele maandalizi yote ni humo humo."

Mkufunzi alikuwa kijana wa Ushirombo aliyeitwa Otmar, mpole, mtu wa kanisani. Alipoona walimu wanasinzia, kesho yake akawagawa timu mbili washindane. Kundi litakalowahi kutengeneza somo lenye picha na kulituma ndilo litakaloshinda. Akawaambia wajipe majina. Mwalimu Jilala wa michezo, ambaye likizo zote huwa anacheza ngoma, akapiga kelele: "Sisi Wagika!" Upande wa pili ukabaki na jina moja tu la kuchukua. Wakawa Wagalu, na Paskazia akawa humo.

Huku kwetu Usukumani Wagika na Wagalu ni vyama vya ngoma vilivyoshindana tangu enzi za babu zetu. Vinacheza uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Na kila upande hujisifia dawa. Unamwambia mwenzako waziwazi kwamba umemloga, miguu yake itakufa, watu watamkimbia. Naye anakujibu makubwa zaidi. Watu wanacheka, ngoma ikiisha mnakula pamoja. Nje ya uwanja hakuna mwenye akili anayethubutu kusema maneno hayo. Otmar hakulijua hilo. Alichoona ni kwamba walimu waliosinzia jana sasa wanakimbizana, wanafundishana, hawataki hata kwenda kunywa chai.

Siku ya mwisho nilimfuata Paskazia na pikipiki, nikasimama dirishani. Wagalu walikuwa wametuma somo lao tayari. Wagika wamekwama, mtandao umewakatikia. Jilala akaanza kuimba huku akitikisa mabega:

"Mama Luka fungua dawa, mtandao wetu umelala! Mama Luka unatuua!"

Wagika wakaitikia. Paskazia akajifunga kanga kiunoni, akajitosa katikati na kishikwambi mkononi. Ana miaka hamsini na kitu na mwili umemjaa, lakini alicheza.

"Nimewaloga!" akasema. "Nimewaloga mimi, na bado! Kesho hamuamki! Nitawafukia wote!"

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Otmar alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Njiani Paskazia alinishika kiuno akasema hajawahi kufurahi kazini namna ile, na kwamba sasa anaweza kutengeneza somo la sehemu na asilimia kwa picha za maembe.

Otmar alikuwa amemrekodi. Akaituma ile video kwenye kundi la walimu la simu, na maneno ya kuwasifu. Walimu wakawatumia jamaa zao. Kufika kwa wachimbaji ilikuwa imekatwa mwanzo na mwisho. Wimbo haupo, Jilala hayupo, vishikwambi vya wengine havionekani. Kuna mama mnene anacheza na kitu cheusi mkononi, anasema atawafukia wote.

Wiki hiyohiyo mvua ilinyesha mfululizo, duara moja likaporomoka. Duara ni shimo la kuchimbia. Miti ya kuegemeza kuta zake ilikuwa imeoza, nililiona mwenyewe nilipokwenda kuchukua mawe, na wenye duara waliambiwa. Walifukiwa watu watatu, wakafa. Mmoja ni Masele, mume wa Noela, binti aliyefundishwa na Paskazia na kuozwa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Msiba ulikuwa haujaisha Paskazia alipokwenda na unga wake kuwasaidia kupika. Wanawake wakamwondolea mwiko mkononi. Jioni ile mtu alitufungulia video mlangoni kwetu, sauti ya juu, halafu akaondoka.

Nasema wazi, huku kwetu wanawake wameitwa wachawi na kukatwa mapanga kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo nilijua tulichokuwa tunakitafuta kuanzia siku ile. Tulikuwa tunatafuta Paskazia asiuawe.

Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakaitisha mkutano juu yake. Nilikwenda kwa Jilala.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyeanza wimbo. Simama mkutanoni useme."

"Nitasema, Baba Luka. Kwa nini nisiseme? Ulikuwa mchezo."

"Useme kwa Kisukuma, waelewe wote."

"Nitasema."

Otmar nilimpigia simu. Alilia. Alisema ataifuta ile video. Nikamwambia aifute kwenye simu ya nani? Aliahidi kuja mkutanoni, na kwa kweli alikuja.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, sungusungu wamekaa mbele na marungu yao. Otmar alisimama kwanza, akaeleza kwa Kiswahili kizuri habari za timu, motisha na ushindani. Mzee mmoja akamuuliza, "Wewe ni mtu wa wapi?" Akasema Ushirombo. "Basi kaa, hujui ngoma zetu." Na hilo lilikuwa kweli.

Jilala akaitwa. Ndugu zake wawili ni wachimbaji, walikuwa nyuma yake. Akasimama, akatazama chini.

"Uliimba?" akaulizwa.

"Niliimba."

"Uliimba nini?"

"Niliimba kwamba anatuua."

"Ulijuaje?"

Hapo angesema kwamba ni mchezo. Ndugu yake mmoja akakohoa. Jilala akasema, "Mtandao ulikatika kwetu, kwao haukukatika." Akakaa.

Nilitaka kumrukia, watu wakanishika.

Paskazia akasimama mwenyewe. Hakulia. Alieleza kwamba kila mtu pale amewahi kusikia majigambo ya Wagalu, hata wazee waliokaa mbele, na wengine wamewahi kuyasema. Baadhi ya wazee wakageuza nyuso. Nilidhani anashinda. Ndipo Noela akanyanyuka na mtoto mgongoni.

"Mwalimu, mimi nakupenda. Sema mbele yangu. Ulitania?"

"Nilitania, mwanangu."

"Ulisema utawafukia."

"Nilisema. Nilitania."

"Basi mbona wamefukiwa?"

Mimi nikapiga kelele, "Miti ilioza! Miti ya duara ilioza!" Lakini wenye duara walikuwa miongoni mwa waliokaa mbele, na hakuna aliyeniangalia. Wakaamua aondoke kijijini kabla ya jua kuzama, la sivyo wao hawatawajibika kwa litakalotokea. Kwao hiyo ilikuwa huruma. Watu walipiga makofi.

Tuliondoka na kitanda, vyombo na vitabu vyake. Karasha niliiacha. Afisa elimu mmoja alimhurumia, akampangia shule upande wa Kharumwa, ndani zaidi, tukapata chumba kwa mama mmoja mjane. Mkuu wa shule alimpokea vizuri, akampa darasa la sita. Jioni ya kwanza Paskazia aliniambia watoto wa kule wanajua kugawanya. Akapika, tukala, akacheka kidogo. Nikajiambia tumepona.

Jumamosi asubuhi walikuja vijana wawili wa machimboni, miguu imejaa vumbi jeupe la mawe. Walimkuta anafua uani. Walipiga magoti wote wawili, kofia mkononi.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnamtafuta nani?"

"Wewe mama. Duara letu halitoi kitu tangu kiangazi. Jirani zetu wanatoa. Tunaomba utusaidie upande wetu."

"Niwasaidie na nini?"

Mkubwa wao akatoa simu mfukoni, akaonyesha ile video kidogo tu, akairudisha kwa adabu kama mtu aliyeonyesha kitambulisho.

Paskazia akasimama, povu linamchuruzika mikononi. "Mimi ni mwalimu," akasema. "Nafundisha hisabati. Sina dawa yoyote, sijawahi kuwa nayo. Ule ulikuwa mchezo wa mafunzo."

Vijana wakatazamana, wakatabasamu.

"Tunaelewa, mama," mdogo akasema. "Lazima useme hivyo."

Nilitoka ndani na jembe. Walikimbia, lakini walimwacha kuku mweusi waliyekuja naye, amefungwa miguu kwenye ngazi ya mlango. Nikainama nimfungue nimtupe. Nilipoinua macho, mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni kwake, anamtazama yule kuku, na anawavuta wajukuu zake ndani mmoja mmoja.