Mama Mkwe Kashuka

Wachimbaji wa mgodi ule hawakusema dari. Dari ya handaki waliiita mama mkwe, kwa kuwa huipi mgongo wala huizoei, na ikiporomoka walisema mama mkwe kashuka. Mhandisi alicheka mpaka machozi alipolisikia neno hilo mara ya kwanza. Sasa nywele zilikuwa zimeingia mvi, amehama mgodi huu na ule akarudi pale pale, na hofu yake ya mwamba haikupungua hata chembe.

Asubuhi ile mkewe alimkumbusha tena na tena: mama yake anakuja kwa basi, apokewe getini kwa heshima. Akamkumbusha pia, kama kawaida yake, kwamba kitinda mimba wa mama huyo anachimba chini ya ardhi kwa sababu yeye, shemeji mtu, ndiye aliyemtafutia kazi.

Mhandisi alikuwa akimimina chai ofisini redio ilipokoroma. Ilikuwa sauti ya shemeji yake huyo, mbio mbio.

"Mhandisi, mama mkwe kashuka!"

"Mpe kiti, mpe na chai," alijibu akicheka. "Nakuja."

Akanawa uso, akatoa shati safi. Alikuwa anafunga vifungo alipoganda. Kijana yule humwita mama yake Mama. Tangu lini akamwita mama mkwe? Na getini amefikaje, naye yuko zamu?

Akaita kwenye redio, ikakoroma tu. Akatimua mbio.

Chini hapakuonekana kitu kwa vumbi. Msimamizi wa zamu alimwambia wenzake wote wametoka, ila shemeji amebanwa mguu. Vijiwe bado vilikuwa vikidondoka. Na sheria ilikuwa yake mwenyewe: hapiti mtu mpaka magogo ya kuegemeza dari yasimamishwe. Akasubiri, akitamani kuwafokea mafundi, akiogopa hata sauti yake itaushusha mwamba. Maishani mwake hakuwahi kuogopa hivyo.

Gogo la mwisho liliposimama, alitambaa kwa tumbo mpaka akaushika mkono wa kijana. Ulikuwa na joto.

"Shemeji, nimekuja. Nimechelewa, nisamehe."

Kijana alikohoa vumbi. "Nilipokusikia unasema chai," alisema, "nikajua hakuna anayekuja. Nikaanza kumuaga Mama."