Kibao Mbele ya Nyumba Yetu

Pikapu nyeupe ilikuwa imejilaza chini ya kibao chetu cha maegesho, imekalia mchoro wa kiti cha magurudumu ambao manispaa ilikuwa imetoka kuupaka upya. Nilisimamisha gari katikati ya barabara. Wilmar, mume wangu, magongo yakiwa mapajani, alitazama mbele kama mtu asiyeona kitu.

"Zunguka, Nelba," alisema.

Nikazunguka. Mtu anayeijua Cordón, mtaa wetu hapa Montevideo, anajua maana ya kuzunguka saa za kazi. Ukiona upenyo, ukisogea unakuta ni mlango wa gereji ya mtu, au kituo cha basi, au kona iliyopakwa njano. Ilikuwa Januari na jua lilikuwa likiwaka hasa. Tulikuwa tunatoka hospitali, ambako walikuwa wamemfungua kidonda na kumfunga upya, na kila nilipokanyaga breki nilimsikia akivuta pumzi kwa meno.

Sukari ndiyo iliyomnyang'anya mguu. Kile kibao nilikipigania mimi, yeye hakukitaka. Alisema hahitaji kutangazwa mtaa mzima kwamba ni kilema. Alikuwa fundi wa lifti, amepanda na kushuka majengo yote ya katikati ya jiji, na sasa ngazi tatu za mlangoni kwetu zilimtoa jasho. Nikaenda ofisi hii, nikaenda ile, mpaka wakaja na rangi yao. Kumbe nilikuwa nimewapatia maegesho wagonjwa wa Etchart.

Etchart ni daktari wa meno, kliniki yake iko mlango wa pili. Kila nilipomlalamikia alitabasamu na kuniambia kwamba ni dakika tano tu, jirani, hao watu wana maumivu. Kana kwamba maumivu Mungu aliyaweka kwenye meno peke yake.

Tuliporudi, pikapu ilikuwa bado ipo. Nikaegesha ubavuni mwake, mlango kwa mlango, nikazima injini na kutia ufunguo kwenye sidiria. Honi zikaanza nyuma yetu. Etchart akatoka na koti lake jeupe, glavu mkononi.

"Jirani, usifanye hivyo. Mtu yuko kwenye kiti, nimeshamdunga ganzi."

"Na wangu yuko kwenye kiti tangu asubuhi," nilimwambia. "Yeye hajadungwa kitu."

Hapo nikasikia mlango wa upande wa pili ukifunguliwa. Nilidhani Wilmar anaenda zake nyumbani kwa aibu, na hasira zangu zikataka kumgeukia yeye. Lakini alilizunguka gari letu kwa magongo, polepole, akafika mbele ya ile pikapu, akatandika koti lake juu ya boneti na kujipandisha kwa mikono. Mikono yake ilikuwa bado ya fundi. Akaketi, suruali iliyopindwa mguu mmoja ikining'inia mbele ya watu wote, akaniomba kibuyu chake cha yerba, ile chai yetu chungu, na chupa ya maji moto. Nikampa. Akanywa.

Mwenye pikapu akaja mbio, mdomo umemlegea upande mmoja, matusi yakimtoka kama uji.

"Sema taratibu, kijana," Wilmar alimwambia. "Sisi hatuna haraka."

Kisha akaja mkaguzi wa manispaa na gari la kukokota. Aliyatazama magari yote mawili, akatazama basi lililokwama nyuma, akanigeukia mimi na kuanza kuandika. Yule wa pikapu, alisema, yupo na yuko tayari kuondoka, kwa hiyo hana la kumfanya. Nikamuuliza kama haoni ile rangi.

"Naiona, mama. Lakini basi naliona zaidi."

Faini nikalipa mimi. Pikapu ikaenda zake. Wilmar akapanda ngazi zake tatu, na tangu siku ile hakuniambia tena nizunguke.

Alifariki Juni, kwenye baridi kali. Etchart alikuja kuaga mwili, nguo nyeusi, viatu vinang'aa. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniinamia sikioni na kuniuliza kama najua ni lini manispaa watakuja kukitoa kile kibao.

"Sema kwa sauti, daktari," nilimwambia. "Wilmar yuko pale, asikie na yeye."

Akaiacha kahawa yake mezani na kuondoka.

Kibao kilitolewa Septemba. Wafanyakazi waliikwangua ile rangi, na tangu hapo nafasi ikawa ya yeyote atakayewahi. Niliwahi mimi. Asubuhi ile ile nililisogeza gari langu pale, nikavuta breki ya mkono, nikaenda kazini kwa basi.

Gari bado lipo. Jumapili nalifuta vumbi.