Maharagwe ya Mama Mutugi

Jumamosi hiyo Ciakuthii alikuja kwenye ukumbi wa Kaaga kwa sababu moja tu: kuhakikisha mwanawe hafi.

Mutwiri mwenyewe alikuwa mzima wa afya, amesimama mlangoni mwa ukumbi akisalimia watu kwa koti jipya na viatu vinavyong'aa kupita kiasi. Aliyemnyima mamake usingizi ni yule Mutwiri wa kwenye filamu, dereva wa pikapu ya miraa anayegundua kwamba chini ya magunia yake kuna bunduki, na wenye bunduki nao wanagundua kwamba amegundua. Hadithi za namna hiyo huwa na mwisho mmoja, na Ciakuthii alikuwa ameupiga marufuku.

Aliupiga marufuku nyumbani kwake Mikinduri, wakati wa kuvuna maharagwe, Maxine alipofika na kamera zake. Maxine alikuwa msichana wa Embu, mpole wa kuongea, na ndiye aliyekuwa akiiongoza filamu. Alieleza kwa heshima zote kwamba dereva angepigwa risasi langoni pa mamake. Ciakuthii hakumwacha afike mwisho.

"Hapa kwangu hakuna mtoto atakufa, hata kwa mchezo. Mmoja alitosha."

Huyo mmoja alikuwa Mutugi, kifungua mimba wake, aliyekufa kwenye pikapu ya miraa ya kweli Mutwiri akiwa bado mdogo. Mpaka leo watu humwita Ciakuthii Mama Mutugi. Habari ilipoletwa alikuwa uani akipukuchua maharagwe, na hakulia. Wifi yake Cicily aliyaona macho yale makavu, akayatembeza sokoni wiki nzima: yule mwanamke ana moyo wa jiwe, ameambiwa mtoto amekufa na bado anaendelea na maharagwe yake. Ciakuthii hakuwahi kumjibu. Angejibu nini, na ilikuwa kweli?

Maxine hakubishana. "Ni sawa, Mama. Hatutamwonyesha akikufa. Lakini unaweza kukaa tu hapo, ufanye kazi yako? Ukisikia mlio, usiangalie. Endelea tu mpaka umalize."

Ilikuwa kazi nyepesi, tena maharagwe yalikuwa yake. Alikaa kwenye kigoda chake, karai mbele ya magoti, kamera ikimkodolea mikono kana kwamba inataka kumwibia pete. Nyuma ya ua mtu akalipua fataki. Mikono yake ilisimama, halafu ikaendelea. Alipoambua ganda la mwisho, Maxine alisema asante kwa sauti ya chini mno, wakafungasha vyombo vyao wakaenda.

Sasa ukumbi ulikuwa umejaa watu waliokuja kucheka, tusifichane. Sinema ya vijana wa hapa, nani angeitegemea? Cicily alijikalisha kando ya Ciakuthii na mfuko wa njugu.

"Haya, tuone hizo vituko. Wataangushana hapo na damu ya juisi, halafu turudi nyumbani."

Taa zikazimwa. Wenye bunduki walimfukuza dereva katika mashamba ya ngano ya Timau, na hakuna gari hata moja lililoonekana. Kilichoonekana, kutoka juu sana, ni ngano ikigawanyika, mstari mmoja ukikimbia na mwingine ukiufuata, mpaka ule wa mbele ukasimama ghafla. Cicily alisahau njugu shavuni. Ciakuthii hakujua lolote la sinema, ila aliona kwamba msichana huyu anajua cha kuficha, na hilo halikumpendeza hata kidogo.

Kisha ikaja mikono.

Ilijaa ukuta mzima, nyufa na kucha na yote. Ganda likapasuka, maharagwe yakadondoka kwenye karai. Mbali, gari likawa linapanda mlima. Lilipanda taratibu, likafika langoni, likasimama. Ukasikika mlio mmoja. Mikono ikatulia. Injini iliendelea kunguruma maana hapakuwa na wa kuizima. Muda ulipita. Kisha ganda likapasuka, na lingine, na kamera haikuondoka pale mpaka karai likajaa.

Ciakuthii alielewa kwamba amri yake ilikuwa imefuatwa neno kwa neno, na kwamba mtoto wake alikuwa amekufa. Hasira ilimpanda. Halafu akaelewa jambo la pili, nalo lilikuwa baya zaidi: endelea mpaka umalize, ndivyo alivyofanya siku ile ya Mutugi. Maxine wa Embu angelijulia wapi neno kama hilo?

Kando yake Cicily alikuwa akilia, njugu zimemwagika miguuni.

"Mama Mutugi," alisema. "Kumbe siku ile ilikuwa hivi?"

"Ulikuwa hapo, Cicily. Uliona."

Watu walisimama wakapiga makofi, na wengine wakamgeukia Ciakuthii kumpongeza. Aliwapita akatoka nje kwenye jua. Mutwiri alimfuata mbiombio, uso umejaa wasiwasi.

"Mum, umekasirika?"

"Nimekasirika. Nani alimwambia huyo msichana?"

"Ni mimi."

"Wewe ulijuaje? Siku hiyo nilikuwa nimekutuma kwa nyanya yako."

"Nilikuwa nimerudi. Nilikuwa hapo nyuma ya mlango wa jikoni."

Ciakuthii alimtazama kijana yule mrefu mwenye viatu vya kung'aa. Miaka yote hiyo aliamini kwamba uani pale palikuwa na yeye, na aliyeleta habari, na Cicily, basi. Alitamani kumpiga kofi na alitamani kumbeba.

"Sasa mbona hukunijia?"

Mutwiri aliinamisha kichwa.

"Nilikuwa nangoja umalize."